Washairi wa Kiswahili Karne kwa Karne: Umbo la Shairi Lina Kazi Gani?

Malengo ya somo

Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:
(a) kuwataja baadhi ya washairi wakuu wa Kiswahili tangu karne ya 18 hadi leo;
(b) kueleza haja iliyomsukuma kila mmoja kutunga na umbo alilolitumia;
(c) kujibu maswali ya ushairi kwa kueleza kazi ya umbo badala ya kulitaja tu.

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, nimesahihisha karatasi ya tatu ya Kiswahili kwa miaka kadhaa, na kuna jibu moja ambalo nimelikuta mara nyingi mno. Swali huuliza: "Eleza umuhimu wa kibwagizo katika shairi hili." Mtahiniwa huandika: "Kibwagizo ni mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti." Jibu hilo ni la kweli, lakini halipati alama hata moja. Swali halikuuliza kibwagizo ni nini. Liliuliza kinafanya nini.

Kosa la pili nimelisikia darasani. Msichana mmoja wa Kaloleni aliniambia, "Mwalimu, mashairi ni ya watu wa Pwani. Sisi huku Eastlands tunayasoma kwa sababu ya mtihani tu." Darasa zima lilicheka, na wengi walikuwa wakikubaliana naye.

Makosa haya mawili ni ndugu. Yote hutokana na kuliona shairi kama chombo kilichotoka mbali kikiwa tayari, nasi kazi yetu ni kuhesabu mizani na vina vyake. Sivyo. Kila shairi lilitungwa na mtu aliyekuwa mahali fulani, akiwa na jambo linalomkera au kumpendeza, akamtafuta wa kumwambia. Umbo alilichagua kwa sababu lilimsaidia kusema.

Kwa hiyo, kila unapokutana na shairi, jiulize maswali haya matatu kabla ya kuandika chochote:

1. Nani anasema, na anasema na nani?
2. Ana haja gani?
3. Umbo hili linamsaidiaje kuitimiza haja hiyo?

Sasa tuwapitie washairi tukiwa na maswali hayo mkononi. Hutatahiniwa kuhusu maisha yao. Nawaleta hapa ili uone jinsi umbo na haja vinavyofuatana.

Mwengo bin Athumani: hadithi ndefu na umbo la kuibeba

Utendi wa Tambuka ni miongoni mwa tungo za Kiswahili za kale zaidi ambazo maandishi yake yana tarehe. Mwengo bin Athumani aliutunga Pate mwaka 1728, kwa hati za Kiarabu, kwa agizo la mfalme wa huko. Unasimulia vita kati ya Waislamu wa mwanzo na dola ya Kirumi ya mashariki chini ya mfalme Herekali. Una zaidi ya beti 1,000.

Hebu fikiri. Utaisimuliaje hadithi yenye beti 1,000 mbele ya hadhira inayosikiliza tu? Umbo la utenzi lilijibu swali hilo. Kila ubeti una vipande vinne vifupi vya mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja. Cha nne kina kina kingine kinachorudi hadi mwisho wa utenzi mzima. Vipande vifupi humpa msimulizi kasi. Kile kina cha mwisho huwa kama fundo linalofunga ubeti na kumjulisha msikilizaji kwamba tukio moja limekwisha, lingine laja.

Funzo: Ukipewa utenzi mtihanini, usiishie kusema "una mizani nane kwa sababu ni utenzi." Sema mizani chache huharakisha usimulizi, na kina cha bahari huunganisha beti nyingi kuwa kisa kimoja.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir: mtu anayeusemesha moyo wake

Huko huko Pate, mji ulipokwisha kuporomoka kutoka katika utajiri wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Anazitazama nyumba zilizokuwa na taa na karamu, na sasa wakazi wake ni popo na ndege wa usiku. Anauliza wako wapi waliokuwa wakijivuna.

Anamuuliza nani? Anauuliza moyo wake mwenyewe. Hapa watahiniwa wengi hupotea. Wakiulizwa nafsinenewa, huandika "watu wa Pate" au "binadamu wote." Hao ndio watakaofaidika na funzo, lakini anayesemeshwa ndani ya utungo ni moyo wa mshairi. Mtu anayejikemea mwenyewe hadharani hutusuta bila kutunyooshea kidole. Hiyo ndiyo nguvu ya utungo huu.

Funzo: Tofautisha nafsinenewa na hadhira. Nafsinenewa ni yule anayeambiwa ndani ya shairi. Mtafute kwa viwakilishi na viambishi vya nafsi ya pili, au kwa jina linaloitwa.

Muyaka bin Haji: shairi linaingia sokoni

Muyaka aliishi Mombasa kati ya mwaka 1776 na 1840. Ilikuwa enzi ya watawala wa Kimazrui na uhasama wao na Seyyid Said, uliomalizika kwa Seyyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Kabla yake, tungo nyingi zilizohifadhiwa ni za dini na za mashujaa wa kale. Muyaka alitunga kuhusu vita vya wakati wake, biashara, mapenzi, ukata, marafiki wasioaminika na fumbo la kuwachemsha watu bongo. Ndiyo maana husemwa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni.

Umbo lake kuu lilikuwa shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16 katika vipande viwili. Ubeti kama huo hutosha kubeba hoja moja kamili: inaanza, inakua, inafungwa. Mtu akiusikia asubuhi aweza kuurudia jioni, na mpinzani aweza kuujibu kwa ubeti wa namna ile ile. Ni umbo la majibizano. Na palipokuwa na hatari ya kusema wazi, Muyaka alifumba.

Funzo: Fumbo au istiari katika shairi la siasa mara nyingi ni ngao. Ukiulizwa kwa nini mshairi alitumia jazanda, fikiria pia usalama wake, si uzuri wa lugha pekee.

Mwana Kupona binti Mshamu: wosia wa mama mgonjwa

Mwaka 1858, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa. Mume wake, Bwana Mataka, mtawala wa Siu, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Alikuwa na binti, Mwana Hashima. Katika utendi wake, mama anamwita binti aje na wino na karatasi, kisha anamwachia mafunzo ya dini, adabu, ndoa na jinsi ya kuishi na watu.

Alitumia umbo lile lile la Utendi wa Tambuka. Umbo moja, haja mbili tofauti kabisa: kule vita vya wafalme, huku mama na mtoto chumbani. Vipande vifupi vyenye vina hukaa kichwani hata karatasi ikipotea. Kwa mtu anayejua kwamba siku zake zinahesabika, hilo si jambo dogo.

Baadhi yenu mtasema, "Lakini anamfundisha mke kumtii mume mno." Vyema, sema hivyo. Wasomaji wengi wa leo wamesema vivyo hivyo, na wengine wakajibu kwamba kuna ujanja wa kike ndani ya ule utii. Mtahini hakuzuii kuwa na maoni. Anachotaka ni uyathibitishe kwa maneno ya utungo wenyewe.

Shaaban Robert na Mathias Mnyampala: bara linaingia ulingoni

Karne ya 20 ushairi ulitoka pwani ukaenda bara, na hati zikawa za Kirumi. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Tazama jinsi umbo la mwaka 1728 lilivyobeba vita vya karne ya 20.

Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sheria nyingi za arudhi unazozikariri zimepitia katika kitabu hicho. Naye Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliikuza ngonjera, yaani shairi la watu wawili au zaidi wanaojibizana hadi waafikiane. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera ilifaa sana kufundishia siasa shuleni na mikutanoni, kwa kuwa asiyejua huuliza na anayejua humjibu mbele ya watu.

Abdilatif Abdalla: umbo la kale, kilio kipya

Huyu ni Mkenya mwenzako, na alikuwa kijana. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi cha kuikosoa serikali kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kwa ajili hiyo alifungwa miaka mitatu, tangu mwaka 1969 hadi 1972. Humo gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Jina la tuzo ndilo jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Ukitaka mfano wa kinaya usio wa kubuni, huo hapo.

Abdilatif alifuata arudhi kikamilifu. Kwa nini mtu aliyefungiwa peke yake ajifunge tena kwa mizani na vina? Fikiria hali yake. Shairi lenye vina na mizani sawa hushikika kichwani hata karatasi ikinyakuliwa na askari. Tena, umbo alilorithi kutoka kwa watu wa Mombasa lilimwambia kwamba hayuko peke yake. Muyaka alikuwa amepita njia hiyo.

Alitumia pia lahaja ya Kimvita. Shairi lake moja linaitwa "Siwati," maana yake "siachi." Ukikutana na neno kama hilo mtihanini, usiogope. Andika kwamba mshairi ametumia lahaja, toa neno la Kiswahili sanifu, kisha eleza faida yake: kutosheleza mizani, au kumtambulisha msemaji na kwao.

Jambo hili si la Waswahili pekee. Claude McKay, mshairi mweusi aliyetoka Jamaika akahamia Marekani, alichapisha mwaka 1919 soneti yenye hasira dhidi ya mauaji ya watu weusi. Soneti ni umbo la kale la Ulaya la mishororo 14, lililozoeleka sana kwa mapenzi. Alilichukua umbo la mabwana akalitia kilio cha watu wake.

Euphrase Kezilahabi na Kithaka wa Mberia: umbo linalegezwa

Mwaka 1974 Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha Kichomi. Ilikuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Ugomvi ukazuka. Wanamapokeo walisema kisicho na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Wanamabadiliko walijibu kwamba uhai wa shairi uko katika wazo, taswira na mdundo wa usemi.

Ugomvi kama huo umewahi kutokea kwingine. Mwaka 1855, miaka mitatu kabla ya utendi wa Mwana Kupona, Walt Whitman wa Marekani alijichapishia Leaves of Grass, kitabu cha mashairi kilichoacha vina na mizani maalumu. Alitaka mistari mirefu inayoweza kubeba umati wa watu, kazi na miji ya nchi yake. Yeye naye alilegeza umbo kwa sababu alikuwa na haja.

Hapa Nairobi, Kithaka wa Mberia, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuandika tamthilia ya Kifo Kisimani, ametunga diwani kama Mchezo wa Karata na Bara Jingine. Mashairi yake mengi ni huru, na maneno yake hupangwa ukurasani yakaonekana kwa macho kabla ya kusikika kwa masikio.

Funzo: Usiandike kamwe kwamba shairi huru "halina umbo." Lina mishororo ya urefu tofauti, mishata, takriri na mpangilio wa maneno. Ukiona neno moja limeachwa peke yake kwenye mstari, uliza: kwa nini limeachwa peke yake?

Sasa mrudie yule msichana wa Kaloleni. Kezilahabi alikuwa Mkerewe, Mnyampala Mgogo, na Kithaka anatoka Tharaka. Hakuna kati yao aliyezaliwa mjini Pate. Na huku kwetu Eastlands, vijana wa Kalamashaka kutoka Dandora walipanga vina vya Kiswahili kuhusu dhiki ya mtaani, na mji mzima ukawasikiliza. Muyaka angewaelewa. (Tanbihi: katika jibu la mtihani andika Kiswahili sanifu. Kuelewa kipaji cha mtaa si ruhusa ya kujibu kwa Sheng.)

Shairi la mazoezi

Nimelitunga shairi hili kwa ajili ya somo hili, nikiifikiria mitaa yetu. Lisome kwa sauti mara mbili kabla ya kuyatazama maswali.

MFEREJI UMEGOMA

1. Nimeamka mapema, na ndoo yangu kichwani,
Nimekuta kina mama, foleni hadi njiani,
Mfereji umegoma, hauna tone kinywani,
Maji yapita kwa lori, bomba letu lakauka.

2. Mwanangu shule aenda, vazi halijafuliwa,
Na kiu imemshinda, kusoma amelemewa,
Bei ya ndoo yapanda, mfuko umeishiwa,
Maji yapita kwa lori, bomba letu lakauka.

3. Babu aliyehamia, nyumba hizi zikijengwa,
Maji alijitekea, usiku hayakufungwa,
Leo mimi nangojea, na ahadi zinatungwa,
Maji yapita kwa lori, bomba letu lakauka.

4. Enyi mlo kwenye vyeo, njooni mtutazame,
Siku za kura ni mbio, mwatusihi tusihame,
Zikipita, ni kilio, mwatuacha tulalame,
Maji yapita kwa lori, bomba letu lakauka.

5. Hapa kalamu naweka, na ndoo tupu begani,
Kesho tena nitafika, nirudi kwenye foleni,
Haki yangu naitaka, si fadhila za hisani,
Maji yapita kwa lori, bomba letu lakauka.

Maswali (alama 20)

(a) Eleza bahari mbili zinazojitokeza katika shairi hili. (al. 4)
(b) Tambua nafsineni na nafsinenewa. Thibitisha. (al. 4)
(c) Onyesha mshairi alivyotumia idhini ya kishairi kwa njia mbili. (al. 4)
(d) Andika ubeti wa nne kwa lugha ya nathari. (al. 4)
(e) Eleza umuhimu wa kibwagizo katika shairi hili. (al. 4)

Mwongozo wa majibu

(a) Taja, eleza, thibitisha. Tarbia: kila ubeti una mishororo minne. Mathnawi: kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Ukaraguni pia hukubaliwa, kwa kuwa vina hubadilika kutoka ubeti mmoja hadi mwingine. Ubeti wa kwanza una -ma na -ni, wa pili -nda na -wa. Ukitaja bila maelezo unapata nusu ya alama tu.

(b) Nafsineni ni mzazi, mkazi wa mtaa usio na maji. Uthibitisho: "Mwanangu shule aenda" na "na ndoo yangu kichwani." Nafsinenewa ni viongozi. Uthibitisho: "Enyi mlo kwenye vyeo." Angalia kwamba viongozi hawaitwi kwa jina hili hadi ubeti wa nne. Beti tatu za kwanza zinaweka ushahidi, kisha mshtakiwa anaitwa. Mtahiniwa akiliona hilo, najua amelisoma shairi kweli.

(c) Inkisari: "tulalame" badala ya "tulalamike." Imetosheleza mizani nane za utao na kuleta kina cha -me. Kuboronga sarufi: "shule aenda" badala ya "aenda shule." Imeleta kina cha kati cha -nda. Usisahau hatua ya pili: kila idhini ina kazi, na kazi hiyo ina alama.

(d) Jibu dhaifu hunakili ubeti na kuondoa vina. Jibu zuri husema: "Msemaji anawaita viongozi waje wajionee hali ya wakazi. Anawakumbusha kwamba msimu wa uchaguzi huwajia mbio na kuwaomba wasihame mtaa. Uchaguzi ukiisha, huwaacha wakilia na kulalamika. Wakati huo huo maji husafirishwa kwa malori huku bomba lao likizidi kukauka." Sentensi ni kamili, hoja zote nne zimo, na hakuna aliyeongeza maoni yake.

(e) Hapa ndipo tulipoanzia. Hoja zinazofaa ni hizi:

Kwanza, kibwagizo kinasisitiza tatizo kuu, yaani ukosefu wa maji bombani.

Pili, kinaweka tofauti mbili katika mshororo mmoja: maji yapo, lakini kwa lori, bomba lipo, lakini kavu. Msomaji anatambua kwamba uhaba huu si wa mvua. Kuna mtu anayeuza.

Tatu, maana yake inakua. Katika ubeti wa kwanza ni jambo ambalo mzazi ameliona. Katika ubeti wa tatu, baada ya kumtaja babu, ni ulinganisho wa jana na leo. Katika ubeti wa tano, baada ya neno "haki," kimekuwa shtaka. Maneno ni yale yale, lakini uzito umebadilika.

Nne, kinarudi kila ubeti kama mzazi anavyorudi kila siku kwenye foleni. Umbo linaiga maisha yenyewe.

Ukiandika hoja ya tatu au ya nne kwa maneno yako mwenyewe, mtahini atainua kichwa. Katika rundo la karatasi, jibu kama hilo huonekana upesi.

Makosa ya kuepuka

Usihesabu mizani kwa macho. Gonga meza kwa kidole ukitamka silabi. Kumbuka kwamba "m" ya "mfereji" na ya "amka" ni silabi kamili.

Usiseme "mshairi" pale unapotakiwa kutaja nafsineni. Mimi niliyelitunga shairi hilo ni mwalimu. Anayezungumza ndani yake ni mzazi mwenye ndoo.

Usitaje toni bila ushahidi. "Toni ya huzuni" peke yake haitoshi. Onyesha neno lililokufanya uhuzunike.

Usiliruke swali la ushairi kwa sababu tu hukulisoma shairi lenyewe darasani. Huku ndiko kila mtahiniwa huanza sawa na mwenzake: shairi ni geni kwa wote, na kila unachohitaji kimechapishwa mbele yako.

Zoezi la nyumbani

1. Eleza toni ya "Mfereji Umegoma" katika ubeti wa pili na wa tano. Je, imebadilika? Thibitisha. (al. 4)
2. Tambua mfano mmoja wa tashihisi katika ubeti wa kwanza na ueleze umuhimu wake. (al. 2)
3. Taja na ueleze maudhui mawili yanayojitokeza katika shairi. (al. 4)
4. Andika upya ubeti wa tatu ukiwa shairi huru. Kisha eleza kwa aya moja ulichopata na ulichopoteza kwa kuacha vina na mizani.
5. Tunga ubeti mmoja wa tarbia kuhusu jambo moja unaloliona kati ya nyumbani kwenu na shuleni. Kabla ya kuandika, jaza mistari hii mitatu: Nasema na ____. Nina haja ya ____. Nimechagua umbo hili kwa sababu ____.

Zoezi la tano halitakuwa katika karatasi ya tatu, lakini lifanye. Ukishahangaika nusu saa kutafuta kina kimoja, hutawahi tena kuandika kwamba mshairi alitumia inkisari "ili kupendezesha shairi." Utajua alikuwa akitafuta nini.

Ukikosa mahali pa utulivu nyumbani, tumia maktaba ya Kaloleni, tawi la McMillan lililo hapo hapo mtaani. Chukua diwani moja, soma shairi moja kwa siku, na uliulize yale maswali matatu. Lete ubeti wako darasani Jumatatu. Tutausoma kwa sauti, na wenzako ndio watakaosema nafsinenewa ni nani.